Misukule ya Kyela

Mpwa wangu hapa Kyela kaandika programu ya C ya kujumlisha uzito wa kakao. Kila gunia, fork: mtoto kazaliwa. Mtoto kamaliza kazi, kafa; baba hata wait hakuita, amzike. Kufika jioni mashine imejaa misukule kuliko abiria Itungi siku ya meli.

Nikamwambia asikilize SIGCHLD, ndiyo mbiu ya msiba.

“Mjomba, dawa ni kill -9.”

Kweli, tisa haikamatiki wala haipuuzwi. Ila maiti haiuawi mara ya pili. Basi akamuua baba! Mchakato namba 1 ukawarithi misukule, ukawazika wote papo hapo. Sasa anatamba mji mzima kwamba kaponya mashine. Hesabu ya kakao, ambayo haikuwahi kuhifadhiwa, ilikwenda na marehemu.