Daraja la Mtaa: Jinsi Ukoo Mmoja wa Litein Ulivyouonja Mji wa Birmingham

Swali lilizuka jioni moja ya Juni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili nyuso zote zionekane. Dada yangu ni muuguzi. Aliondoka baada ya ule mkataba wa wauguzi ambao Kenya na Uingereza zilitia saini mwaka 2021. Alitaka mtoto wa kaka yetu, miaka tisa, Gredi ya 4, akamtembelee likizo ya Agosti. Tiketi ni juu yake, viza tuhangaike nayo sisi. Kila mtu alisema ni jambo jema, hadi mama yetu, ambaye tangu apate wajukuu sote tunamwita Kogo, aliposogeza uso kwenye simu na kuuliza, "Siku hizi unakaa mtaa gani?"

Dada akasema amehama. Yuko katikati ya mji wa Birmingham, upande wa Digbeth, ghorofa ya tano.

Kikaingia kile kimya cha kituo cha kupimia majani ya chai, karani anapochungulia ndani ya kikapu chako na kukunja uso kabla hajasema lolote.

Hapo ndipo ilipozaliwa taaluma ninayotaka kuieleza: upimaji wa mitaa ya ugenini kwa ajili ya mtoto mgeni. Sampuli yetu ilikuwa watu wazima saba, chupa mbili za chai na kibuyu cha maziwa ya mursik. Utafiti uliendeshwa kwa Jumapili nne mfululizo, isipokuwa ile ya pili, ambapo mvua ya mawe ilipiga bati tusisikizane.

Istilahi kwanza. "Mtoto," kwa mujibu wa taaluma hii, hapimwi kwa miaka. Hupimwa kwa mifugo. Yuko mtoto wa kuku, anayeweza kuachiwa kuku na hasara isizidi yai. Yuko mtoto wa ndama. Yuko mtoto wa ng'ombe, ambaye ukimwachia mifugo asubuhi unaweza kwenda Kapkatet na kurudi bila kufikiria. Huyu wetu alikuwa mtoto wa ndama aliyekaribia ng'ombe. Angekuwa ameshafuzu kama si mtamba mmoja aliyekutwa ndani ya majani ya nepia ya jirani Desemba iliyopita. Baba yake aliona kipimo hiki ni cha kishamba, akatafuta sheria ya Uingereza inasema mtoto aachwe peke yake nyumbani kuanzia miaka mingapi. Akakuta haitaji umri wowote. Inasema tu ni kosa kumwacha iwapo kumwacha kunamtia hatarini. Lile shirika lao la kulinda watoto, NSPCC, ndilo linaloshauri kwamba walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa wamekomaa vya kutosha. Kogo alisikiliza tafsiri yote akitikisa kichwa. "Basi hata wao wanamwangalia mtoto mwenyewe," akasema. "Wanachokosa ni ng'ombe tu wa kumpimia."

Katika upimaji kulijitokeza shule tatu za fikra.

Ya kwanza, Shule ya Ramani, haitatuchukulia muda. Mwasisi wake ni binamu yangu mwenye simu kubwa, aliyetembea Digbeth nzima kwa kidole gumba akiwa amekaa kwenye kigoda. Alituonyesha matao ya reli ya matofali, kuta zilizochorwa rangi za kila aina, na stendi ya mabasi yaendayo miji ya mbali. Tukaanza kuvutiwa. Kisha Kogo akaomba aione picha vizuri, akagundua kwamba kila mtu aliyepita barabarani alikuwa amefutwa uso. Binamu akaeleza kuwa kompyuta ndiyo inayofanya hivyo, kuhifadhi siri za watu. Haikusaidia. Mtaa ambao watu wake hawana nyuso haukuhitaji mjadala zaidi, na shule hiyo ikafungwa siku ile ile.

Shule ya pili ndiyo yenye uzito wa kisayansi. Ni ya Mjomba wa Mogogosiek, upande wa Bomet, aliyetumia miaka yake ya kazi katika chumba cha kuonjea chai cha kiwanda kimoja. Mjomba haamini jambo ambalo hajalivuta kwa kijiko, likalia mdomoni, akalitema. Na hoja yake ni hii. Jani linalochumwa Kericho na Bomet ni moja: majani mawili na chipukizi. Linanyaushwa, linasagwa kwa mashine za CTC, linaachwa liwe jekundu, linakaushwa. Baada ya hapo hupita kwenye chekecheo, na hapo ndipo majina yanapotokea: BP1 punje kubwa, PF1 ndogo yake, PD, D1 ambayo ni vumbi. Anayesema vumbi ni uchafu hajui chai. Vumbi ni jani lile lile. Limekatwa dogo zaidi, kwa hiyo linatoa rangi haraka na ukali haraka. Tofauti iko kwenye punje na muda. "Na mitaa ni hivyo hivyo," Mjomba akasema. "Msiniulize kama ni mzuri au mbaya. Niulizeni ni daraja gani, na mtoto ataloweshwa dakika ngapi."

(Wanaodhani hili ni mzaha wajue kwamba Waingereza wenyewe waliandika kiwango rasmi cha kuandaa kikombe cha chai ya kuonjwa, kurasa sita, dakika sita za kuloweka. Mwaka 1999 taasisi yao ya viwango ikapewa kwa ajili hiyo tuzo ya Ig Nobel ya fasihi, ile ya kuchekesha. Mjomba hakuona kilichochekesha.)

Kwa kanuni hiyo Birmingham ikachekechwa. BP1 ni mitaa ya pembezoni kama Sutton Coldfield na Solihull. Nyumba zimeachana, kila moja na ua wake na majani yaliyokatwa sawasawa. Ukiishika mkononi inapendeza. Ukiitia maji, rangi haiji. Mtoto atakaa wiki mbili akitazama uzio, atarudi akiwa amejua rimoti tu.

PF1 ni Handsworth, hasa Soho Road: maduka yamebanana, watu wako nje, sauti ziko juu. Hapa Mjomba alikuwa na ushahidi usiopingika. Kwenye barabara hiyo kuna hekalu kubwa la Sikh la jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, na mwanzilishi wa jumuiya hiyo, Baba Puran Singh, aliishi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza. Mpaka leo Wasikh humtaja kwa jina la Kericho yetu: Kerichowale, yule wa Kericho. Hekalu lililojengwa kwa kumbukumbu yake liko mjini Kericho, na sisi sote katika sampuli tumewahi kula pale bila kuulizwa dini wala pesa. Mtoto wa Kericho akipotea Soho Road, Mjomba alihitimisha, atakutwa ameketi chini anakula dengu na chapati. Ukoo mzima ukaafiki. Tatizo lilikuwa moja: dada hakai Handsworth.

PD tuliiruka kwa kuwa chai ilikuwa imepoa.

Tukafika D1, katikati ya mji, na hapa niombe ruhusa ya kukawia. Dada alipoambiwa mtaa wake ni vumbi alinuna hata ikabidi tumpigie tena. Lakini alipotuliza moyo alitupa jambo lililobadilisha utafiti wote. Nyuma ya kwake, akasema, mtaa wa Bordesley, kuna jengo kubwa la zamani la matofali kando ya mfereji. Lilikuwa kiwanda cha chai. Ni Typhoo, chai iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1903 na John Sumner, mwuza duka ambaye dada yake alisumbuliwa na tumbo na kupata nafuu kwa chai ya punje ndogo ndogo. Punje ndogo ndogo! Mjomba aliinuka kwenye kiti. Kiwanda kilifungwa mwaka 1978, na sasa BBC inaligeuza jengo kuwa makao yake mjini humo, lakini kwa Mjomba hizo zilikuwa habari za pembeni. Alichosikia ni kwamba mtaa wa daraja la vumbi uliota kando ya kiwanda kilichotajirika kwa majani madogo. Ni nadra nadharia kuthibitishwa na matofali.

Baada ya hapo sifa za D1 ziliorodheshwa kwa heshima. Lifti, ambayo mtoto atataka kuipanda hadi augue. Fahali wa shaba aliyesimama nje ya maduka ya Bullring tangu 2003, mkubwa kuliko fahali yeyote aliyewahi kuingia josho letu, na watoto wanamshika pembe. Kogo aliuliza mwenyewe wake ni nani. Soko la karibu lenye samaki, ndizi za kupika na viazi vikuu. Na mfereji, ambao ulituchukua Jumapili nzima, kwa sababu mtoto wa huku anaujua mto: unanguruma, una mawe, unakuonya kabla hujaufikia. Mfereji haungurumi. Umenyooka, umetulia, hauna uzio, na rangi yake ni ya chai iliyosahauliwa. Hapo Mjomba mwenyewe alisema ladha ni ya uchungu, na ikaandikwa kwamba mtoto hataufikia bila kushikwa mkono, hata kama ni mtoto wa ng'ombe.

Muda wa kuloweka: wiki mbili. Zaidi ya hapo vumbi hukera koo.

Kungekuwa na haki duniani, utafiti ungeishia hapo. Lakini Kogo ana shule yake, ya tatu, na haina daraja. Ina kipimo kimoja kiitwacho mwito. Mwito mmoja ni umbali ambao sauti ya mwanamke aliyesimama mlangoni pa jikoni, jioni, hufika na kuleta mtoto nyumbani. Huku kwetu mwito huvuka bonde. Meza ya michai inamfikia mtu mzima kiunoni. Mtoto wa miaka tisa anaonekana kichwa tu, kikipita juu ya kijani kama mpira unaoelea. Ukimwita, kichwa kinageuka. Asipogeuka, kuna mchumaji atakayesema, "Unaitwa." Asipogeuka bado, mchumaji atauliza swali ambalo kwa Kogo ndilo ulinzi wote wa mtoto: "Wewe ni wa nani?"

Mjomba akajitetea kwamba Birmingham si pori. Mwaka 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Beatrice Chebet wetu wa Londiani alishinda mita 5000 mjini humo humo. Kogo akajibu kwamba Chebet alikwenda kukimbia. Huyu anakwenda kukaa.

Likaja pia suala la jua, ambalo lilitaka kutuvunja. Kanuni ya nyumba ni kuwa ndani jua likitua. Dada akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba mwanzoni mwa Agosti jua la Birmingham hutua karibu saa tatu usiku. Baba mtu akapiga hesabu ya uhuru ambao mwanawe angepata kisheria, akacheka peke yake. Kogo alikwisha amua: jua litakalofuatwa ni la Litein. Huku linazama saa moja kasoro robo, kule ikiwa saa kumi na moja kasoro robo mchana wa jua kali, na hiyo ndiyo saa mtoto atakayoingia ndani. Yeye mwenyewe angebipu kila siku vilima vikianza kuwa vyeusi.

Na kuhusu mwito, hakutaka maelezo. Alitaka jaribio.

"Simama dirishani umwite," alimwambia dada.

"Kogo, mtoto bado yuko hapo kwenu."

"Mwite."

Dirisha la ghorofa ya tano likagundulika kuwa linafunguka kiganja kimoja tu, kwa usalama. Dada akashuka na simu mkononi hadi uani, kwenye zege, karibu na mapipa ya taka. Tukamwona akitazama kulia na kushoto kama mwizi. Akaita jina la mtoto. Kogo akasema hiyo ni sauti ya kuombea chumvi. Akaita tena, na safari hii aliita kama anavyoitwa mtoto huku kwetu, jina likivutwa mwishoni hadi livuke bonde. Mtoto mwenyewe, aliyekuwa nyuma yangu akimenya kiazi, akaitika.

Kule Birmingham njiwa waliruka. Kwa muda hakuna lililotokea. Kisha mlango wa ghorofa ya chini ukafunguka akatoka mama mzee mwenye kilemba cha kulalia, mtu wa Jamaika, tulikuja kuambiwa, akiwa na mwiko mkononi. Hatukusikia vizuri alichosema. Dada alisimama kidogo, kisha akaigeuza simu kutuelekea.

"Anauliza ni mtoto wa nani aliyepotea," akasema.

Kogo akanyamaza. Akafunga kifuniko cha chupa ya chai, akakifungua, akakifunga.

"Huyo mama anakaa mlango wa ngapi?"

Mtoto alisafiri wiki ya kwanza ya Agosti. Kwenye sanduku lake, kati ya sweta mbili, zilikuwamo kilo mbili za majani za kumpelekea mama wa ghorofa ya chini. Mjomba ndiye aliyezinunua, na alituonyesha pakiti kabla haijafungwa, tuhakikishe maandishi: PF1. Vumbi, alisema, wanalo la kutosha huko huko.