Mnyiri Mmoja Juu ya Paa

Phoenix, Arizona

Mama,

Goti je? Barua hii wasomee na wadogo zangu, ila ukifika penye bei soma kimoyomoyo. Uliniuliza kwa simu huku nakula nini, nikakujibu "chakula tu". Sasa nakueleza, maana nimekula pweza wa dola 29.

Mkuu wetu wa zamu pale ghalani alitimiza miaka hamsini, akatualika mkahawani. Kualika kwa huku ni kukuonyesha njia. Bili kila mtu na yake. Hilo nilikuja kulijua nimeshakula.

Mkahawa uko juu ya paa la hoteli, na mapishi yake, wanasema, ni ya Mediterania. Mama, mji huu hauna bahari. Ukitaka kuchovya mguu, uendeshe gari saa nne hivi mpaka Mexico. Huku jangwa, kule jangwa, mbele mlima uitwao Camelback, yaani mgongo wa ngamia, na kweli umelala kama ngamia aliyegoma. Lakini huko juu! Kuta nyeupe pe, makasia yametundikwa, jarife limetandazwa vichwani mwetu, na taa wamezivika vitu ambavyo naapa ni dema. Baba angeona dema zinawaka umeme, angezima akaondoka nazo.

Ilikuwa saa mbili usiku, jua limeshazama, na joto bado digrii 41. Mimi nilitafuta mlango wa kurudi kwenye kiyoyozi. Wenzangu wakavuta viti. Kwao hiyo ni afueni. Bado wanausimulia mwaka 2023, zilipopita siku 31 mfululizo joto likifika digrii 43 au zaidi. Kandokando ya paa wamepitisha mipira myembamba inayopuliza manyunyu, ili wateja wapoe. Tukakaa pale kama mchicha wa sokoni, tunanyunyiziwa tusinyauke. Na maji ya mji huu, sehemu yake hutolewa mto Colorado, yakasukumwa kwa pampu na kukatishwa jangwani kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 500, ndipo yaje kuniangukia mimi usoni.

Kwanza zikaja dengu zilizosagwa laini, katikati wamechimba kisima cha mafuta ya zeituni, pamoja na mkate ndugu yake ajemi. Hapo sina neno. Nilipangusa sahani mpaka wenzangu wakanitazama. Halafu pweza.

Mama, mnyiri mmoja. Mmoja! Umelazwa kwenye sahani pana kama ungo, ncha umeikunja, chini yake viazi kijiko kimoja, juu jani la mnanaa. Nikangoja, nikijua saba iko njiani. Kimya. Nikamwuliza mhudumu, "Wengine wako wapi?" Akadhani nangojea wageni, akaniongezea kiti.

Aliponielewa akaeleza kwamba pweza huyu katoka Hispania, kachemshwa kwa moto mdogo saa kadhaa, ndipo akachomwa. Nami nikawaeleza kwamba mama yangu huwachokoa mwenyewe miambani maji yakipwa, humpiga pweza mpaka asalimu amri, kisha humpika kwa maji yake mwenyewe kabla ya kumtia tui. Meza nzima kimya. Mkuu wa zamu akauliza: anampiga kwa kosa gani?

Alikuwa laini, sikufichi. Pilipili hamna, nazi hamna, ndimu imekatwa nyembamba hata ungeona upande wa pili. Lakini laini. Kwako ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nikakuwaza umesimama mlangoni unaangalia kama maji yameanza kupwa. Bei unayomuuzia yule mchuuzi sikuwatajia. Wangekata tiketi usiku uleule.

Nimebakiza nusu ya mnyiri, upepo ukageuka. Mhudumu akapaza sauti: "Haboob!" Nikadhani ni sahani nyingine inakuja, tena ya Kiarabu, nikasogeza glasi. Kumbe ni dhoruba ya vumbi. Neno wameliazima kwa Waarabu na dhoruba ni yao wenyewe. Kusini ukuta wa vumbi umesimama, mrefu kuliko ghorofa yoyote, unameza taa za mji mtaa baada ya mtaa. Watu wakakimbilia lifti na glasi mkononi, dema zikayumba, jani la mnanaa likaenda zake. Mimi na mnyiri wa dola 29 tukabaki. Nikajitanda kitambaa cha meza kichwani, nikamaliza hapohapo. Mchanga ulikwaruza meno, sawasawa na pweza wa siku ile uliyogombana na baba ukakataa kumwosha. Nilimla kwa raha.

Chini ukumbini mhudumu alitufuata na kimashine cha kulipia, vumbi mpaka kwenye kope. Kimashine kinauliza bakshishi: asilimia 18, 20 au 25. Nilipoziona zile kope, kidole kikaenda chenyewe kwenye 25.

Pesa ya mwezi huu itachelewa siku mbili. Wadogo zangu waambie ni mambo ya benki.

Mwanao.