Mwongozo wa Kumpokea Raia wa Dunia

Hongera. Chuo chako cha Dar es Salaam kimekuteua uwe mwenyeji wa mwanafunzi wa Kijerumani, aliyekuja muhula mmoja kujifunza tamaduni za wengine. Fuata hatua hizi. Posho haipo, usiulize.

Kwanza, salamu. Mgeni amefundwa kuhusu shikamoo kabla hajapanda ndege. Atampa konda, muuza vocha, mtoto wa chekechea na wewe. Itikia marahaba, ubebe uzee wako. Ukimsahihisha ataandika kwenye daftari, na kesho mama mwenye nyumba ndiye atakayekosa shikamoo.

Pili, uwe na kabila. Kuzaliwa Temeke na kuishabikia Yanga hakutoshi. Mgeni atauliza kwenu hasa ni wapi, maana anatafuta kijiji. Mpe kijiji. Usiku wa utamaduni utavishwa lubega, ushikishwe rungu, uambiwe uruke. Ndiyo, wewe ni Mzaramo. Ruka. Yeye atakuja na jinzi na fulana, kwa kuwa aliyekuja kujifunza utamaduni halazimiki kuwa nao. Usithubutu kumwomba avae kaptula za ngozi: atakueleza kwa upole kwamba hizo ni za Bavaria, yeye ni wa Hamburg, na ukumbi mzima utamwelewa.

Chakula hakina maelezo mengi. Wewe ulitumaini ugeni huu utakufikisha kwenye piza; yeye anataka ugali wa mama lishe, kwa mkono, na picha. Kula dagaa. Bili ikija kila mtu atalipa chake, na nauli ya kurudi ni juu ya mwenyeji.

Halafu mpeleke Bagamoyo akaone boma la Wajerumani. Atanyamaza, machozi yatamlenga, kisha atakuomba radhi wewe binafsi. Msamehe upesi, kabla daladala haijajaa.

Sasa zamu yako. Mkataba unasema kubadilishana, nawe umealikwa semina ya wiki mbili Berlin kuhusu uraia wa dunia. Mjerumani anayekuja kututembelea hulipa viza dola 50, hata akishafika uwanja wa ndege. Wewe utalipia ya Schengen yuro 90, ada iliyopanda Juni 2024 na ambayo hairudi hata ukinyimwa. Ambatisha bima ya matibabu ya yuro 30,000, taarifa za benki, na ushahidi kwamba unapapenda nyumbani kiasi cha kurudi. Ukifika dirishani usitamke neno dunia. Wala usimtaje mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi ambaye mifupa yake ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913, na leo amesimama makumbusho ya Berlin, mita 13 kwenda juu, bila taarifa ya benki wala dalili ya kurudi. Afisa ataandika kwamba tayari una ndugu huko.