Kimeza cha Zama za Mfalme George

Mume wangu hanunui samani, anaziokoa. Ndivyo asemavyo kila anaporudi mnadani, gari limejaa na akaunti imepwaya. Tunaishi Northampton, katika nyumba ya safu ya enzi za Malkia Victoria: sebule mbele, jiko nyuma, na choo kimebandikwa nyuma ya jiko, kwa kuwa waliojenga nyumba hizi hawakuwaza choo cha ndani. Vyumba vya kulala vyote viko juu. Naieleza ramani hii mapema kwa sababu ndiyo iliyokuja kuamua kesi.

Ugonjwa wake ni samani za zama za akina George, wale wafalme wanne wa Uingereza waliopokezana kiti kuanzia 1714 hadi 1830. Kwa bahati yangu mbaya, bei zimeporomoka. Zamani vitu hivi vilikuwa vya wenye nacho. Leo vijana wa Kiingereza wanataka mbao za rangi nyepesi zinazokuja ndani ya boksi na mfuko wa skrubu, na kahawia iliyokolea inawakumbusha nyumba za bibi zao. Almari iliyochongwa kwa mkono miaka mia mbili iliyopita waweza kuiona inauzwa kwa bei ya chini kuliko kabati jipya la unga wa mbao. Mwenye akili zake ataona hapo soko lililokufa. Mume wangu anaona yatima.

Mara hii yatima alikuwa kimeza cha mahogani, kirefu kufika kiunoni. Juu yake kilizungukwa na ukuta mfupi wenye matundu ya kushikia, mfano wa sinia. Katikati kulikuwa na milango miwili midogo, na chini mtoto wa meza mpana mwenye vishikio vya shaba. Dalali alikitangaza kama kimeza cha kando ya kitanda, cha zama za George III, mtindo wa Chippendale. Shemeji aliyesaidia kukishusha aliuliza kama huyo Chippendale ndiye aliyekichonga, na hapo ndipo alipofanya kosa, maana alisimamishwa mlangoni na baridi yote ile apewe darsa. Kwamba Thomas Chippendale alikuwa mtoto wa seremala wa Otley, Yorkshire. Kwamba mwaka 1754 alichapa London kitabu cha michoro ya samani, na tangu hapo seremala yeyote aliyekipata aliweza kuiga kiti cha bwana mkubwa kwa mbao za kijijini kwake. Kwamba mafundi wa Paris walilazimishwa kugonga mhuri wa jina lao, ilhali wa Uingereza aghalabu hawakugonga chochote. Kwa hiyo hakuna ajuaye nani alikichonga, na hilo ndilo limpendezalo mume wangu: asiyejulikana anaweza kuwa yeyote.

Majira hayo mavyaa alikuwa kwetu, amekuja kutoka Unguja kuwaona wajukuu. Marehemu mumewe alikuwa seremala Mji Mkongwe, na yeye ameishi na randa na patasi kuliko alivyoishi na sahani. Alivuta kiti akakaa, akamtoa mtoto wa meza, akapitisha kidole kwenye viungo vya pembeni.

"Kazi ya mkono," akasema. "Meno hayalingani. Mashine ingeyatoa sawasawa."

Mume wangu akavimba kwa furaha. Akamweleza mama yake kwamba mahogani ilifurika Uingereza baada ya 1721, Bunge lilipofuta ushuru wa mbao kutoka makoloni ya Amerika. Kwanza ilitoka Jamaica, baadaye Cuba na Ghuba ya Honduras. Ni mti unaotoa mbao pana, haupindiki ovyo, wadudu hawaupendi, na ukisuguliwa unang'aa mpaka ujione.

"Na huko Jamaica nani alikuwa akiikata?"

"Watumwa, mama. Waliochukuliwa Afrika."

"Na wao walikalia nini?"

Hilo halimo kwenye vitabu vyake. Akajitia kufuta vumbi. Mavyaa alikuwa ameshaendelea na ukaguzi. "Ubao huu wa chini si rika la wenzake. Huu msonobari. Tazama, alama za msumeno zimejipinda, umekatwa kwa msumeno wa duara. Mbao nyingine alama zimenyooka. Halafu umebunguliwa." Akakung'uta, unga ukamwagika zuliani. "Na hebu niambie, mtoto wa meza gani huyu anayetembea na miguu yake?"

Kweli. Ukimvuta, nusu ya mbele ya miguu inakuja naye. Mguu umepasuliwa kwa urefu, kipande kinabaki na kipande kinatoka.

"Ubunifu wa zama zile, mama," akasema mume wangu.

Mavyaa akaguna. Ule mguno naujua. Ameutumia siku ya posa yangu.

Basi kimeza kikawekwa sebuleni, kando ya kipasha joto cha ukutani, mahali pekee palipobaki baada ya mayatima waliotangulia. Nikiri kilipendeza. Ule ukuta mfupi wa juu ulizuia vikombe visianguke, na kinamama wenzangu walipokuja kumwamkia mavyaa, nilipanga pale haluwa ya Unguja, vileja na dele la kahawa. Nilimwalika pia jirani yetu, bibi wa Kiingereza ambaye ujanani alitumikia katika jumba moja la makabaila. Alikula haluwa kwa adabu, akaomba tena, halafu akakitazama kimeza kwa uso wa mtu aliyekutana na rafiki wa kale.

"Tulikuwa na viwili kama hiki," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kuvimwaga asubuhi. Chungu bado kimo?"

Nilimtafsiria mavyaa nusu. Nusu ya pili aliipata mwenyewe kutokana na kasi niliyoondolea sahani. Mama mmoja mwenye kileja mdomoni alisita, akatafakari, akameza. Jirani, kwa ukarimu, akaonyesha kwa mikono namna mtu alivyovuta ile sehemu ya chini ikasimama kwa miguu yake, ikawa kiti chenye tundu, na chungu ndani yake. Nyuma ya ile milango midogo kiliwekwa kingine.

Usiku ule nyumba haikulala. Mume wangu alijitetea kwa historia. Eti watu wa zama zile walitumia ustadi wao wote kuficha haja ndani ya uzuri, na hapo ndipo utukufu wao ulipo. Eti vyoo vya maji vilikuwa ndiyo kwanza vinabuniwa, Alexander Cumming alipata hataza yake mwaka 1775, na nyumba nyingi hazikuwa na mabomba. Eti hata mezani, kina mama wakishatoka, mabwana walifungua kijikabati cha pembeni mwa meza ya vyombo, wakatoa chungu wakajisaidia papo hapo huku mazungumzo yakiendelea, mpaka wageni wa Kifaransa wakaandika kwao kwa mshangao.

"Unanieleza haya ili nikipende?" nikamuuliza.

Akasema baadaye mtu fulani alitoa kiti chenye tundu, akapigilia ule msonobari, akakigeuza kuwa mtoto wa meza wa kawaida, kwa hiyo kimeza kimekwisha tubu. Mimi nilitaka kirudi mnadani. Mavyaa alinyamaza. Alichouliza ni kama maji yamepita, na alipojibiwa kwamba hakijaguswa na chungu kwa miaka zaidi ya mia, akasema kikavu hakiambukizi kikavu, kisafishwe tu.

Siku chache baadaye, usiku wa manane, tukasikia mlio chini. Mume wangu alishuka na mwiko wa ugali akidhani mwizi. Alikuwa George. Joto la mabomba lilikuwa limeikausha ile mahogani iliyozoea nyumba za baridi na unyevu. Ubao wa juu ulikuwa umenywea, na kwa kuwa umebanwa pembeni, ukapasuka urefu mzima. Upande mmoja wa ule ukuta mfupi ulikuwa umebanduka.

Ikabidi matibabu. Gundi ya mafundi wa kale ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama; ukiipasha kwa maji ya moto hulainika, ndiyo maana samani zile hufunguliwa na kufungwa tena bila kuvunjwa. Mume wangu akaagiza chembe zake, akaziroweka, akazipika ndani ya sufuria yangu ya uji. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia kwenye sare za shule. Mavyaa akasimamia kazi toka kwenye kiti chake, akiamuru: gundi iwe nyepesi, kamba ikazwe, usiguse vanishi, usipige msasa. "Msasa utakula umri wake," alisema, na mume wangu akanikonyeza kana kwamba ameshinda kesi.

Kimeza kilipopona, mavyaa akatuita.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "umenihubiria tangu nije kwamba kitu cha kale kibaki kama kilivyotoka mkononi mwa fundi."

"Naam, mama."

"Na huu msonobari si wa fundi."

"Si wake."

"Basi utoe. Rudisha kiti na tundu lake, kipandishe chumbani kwangu. Magoti haya hayawezi tena ngazi zenu usiku na kisha jiko zima ndipo nifike msalani. Nimevumilia nikidhani nyumba haina dawa, kumbe mmeiweka sebuleni mnaipangia haluwa."

Sijawahi kumwona mtu akishindwa na maneno yake mwenyewe kwa ukamilifu ule. Alijaribu kusema kwamba kimeza ni cha miaka mia mbili na hamsini, kwamba kuna vya plastiki vyepesi vinavyouzwa duka la dawa. Mama yake akamtazama. Jumamosi ule ubao uliobunguliwa uling'olewa, na ubao wa mwaloni wenye tundu ukachukua nafasi yake. Mume wangu akaenda mnadani kutafuta chungu cha rika la kimeza, akarudi nacho, cha Staffordshire, cheupe chenye maua ya buluu. Hakikuingia. Mavyaa akanituma sokoni nilete ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na hiyo ikaingia barabara.

Cha Staffordshire ninakipandia mnanaa. Na mume wangu ameshaanza kusoma orodha ya mnada wa mwezi ujao; kuna meza ndefu ya vyombo ya zama zile zile, miguu sita, ina kijikabati pembeni. Nimemuuliza kijikabati hicho ni cha nini. Amesema ni cha vitambaa.