Grupu la Makomredi Wastaafu

Kuna watu wazima wenzangu, wajukuu wamewazunguka, wanaoamka saa kumi alfajiri ili wanitumie picha ya ua waridi. Chini yake wameandika: "Asubuhi njema, makomredi." Wa kwanza akishatuma, waliobaki wote lazima waitikie, mmoja baada ya mwingine, na simu inatetemeka mezani mpaka mke wangu anauliza amefariki nani.

Hilo ndilo grupu letu la WhatsApp la tuliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tuliingia 1976, enzi za Azimio la Musoma lililotaka mtu afanye kazi kwanza, kwa hiyo tulishapita JKT na kazini kabla ya kuonja chuo; hata wakati ule hatukuwa watoto. Tukamaliza, tukatawanyika. Miaka ikapita, hakuna aliyemtafuta mwenzake. Masanduku ya posta tulikuwa nayo, stempu zilikuwepo, na Radio Tanzania ilisoma kadi za salamu. Salamu yangu sikuisikia hata moja. Habari za wenzangu nilizipata kwenye matangazo ya vifo. Leo watu walewale wanataka kujua chai nimenywea nini.

Maua ningeyavumilia. Kinachonishinda ni historia. Mwanahistoria Walter Rodney, aliyefundisha Mlimani, aliondoka Dar es Salaam 1974, sisi bado hata chuo hatujakikanyaga. Lakini kuna bwana mmoja, jirani yangu wa bwenini, kila Juni ikifika, mwezi aliouawa Rodney kule Georgetown mwaka 1980, anatusimulia walivyobishana darasani. Na kila mwaka Rodney anazidi kushindwa hoja.

Na yale maandamano ya Machi 1978, ya kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge? Waliofukuzwa chuo walikuwa mamia, sikatai. Ila kwa idadi ya wanaodai kufukuzwa humu ndani, wahadhiri walibaki wakifundisha viti. Mmoja wa wanaodai hivyo siku ile alijifungia chumbani akisema ana malaria. Uji nilimpelekea mimi. Siku hizi anaeleza kirungu cha askari wa FFU kilimpata wapi. Kirungu chenyewe kinahama: mwaka juzi kilikuwa begani, sasa kimeshuka gotini, kwa kuwa goti ndilo linalomuuma. Mwingine aliandamana kweli, namshuhudia. Baadaye akagombea ubunge, na mada ya marupurupu ikianza tu, yeye hutuma ua waridi.

Nikijaribu kusahihisha naambiwa, "Hoja ya utaratibu, Ndugu!"

Sitasema mengi juu ya madawa. Mkemia mzima, aliyestaafu na heshima zake, anatuhakikishia kwamba mlonge unatibu presha, sukari, tezi dume na usahaulifu, kisha kesho yake anatuma ujumbe uleule. Wala sitamsema yule wa Toronto, ambaye jioni yake ni usiku wetu wa manane, na ndiyo saa anayopenda kurekodi sauti yake ndefu akikumbuka maharage ya kantini. Maharage yale alikuwa akiyalalamikia kuliko mtu yeyote.

Sasa tunaandaa mkutano wa ana kwa ana. Mjadala wa kuvaa fulana au vitenge umekula masika yote. Mahali pia ni vita: wengi wanataka Ukumbi wa Nkrumah kulekule chuoni, ila lile goti la FFU linapendekeza tukutane sehemu isiyo na mlima.

Utaniuliza kwa nini sitoki. Jamani, hata kunyamaza hakuruhusiwi. Nilikwenda shambani Korogwe, mtandao hakuna, nikakaa huko nikipalilia mahindi yangu kwa amani. Niliporudi nikakuta wameshaulizana nimelazwa wapi, mmoja ameshaandika "tulimpenda sana", na mweka hazina ameshafungua orodha ya rambirambi. Niliisoma jina kwa jina. Jumla yake haikufika bei ya mbuzi, na yule niliyempelekea uji ameandika "naahidi".

Sasa mweka hazina huyohuyo ameniweka kwenye orodha ya wanaodaiwa mchango wa mkutano. Ndugu Mweka Hazina, nakuomba mbele ya wasomaji: zile fedha za msiba wangu unazo, na mimi sijafa. Zihamishie kwenye mkutano, kisha ufute jina langu.