Waraka kwa Mwenye Duka la Dawa, Ipililo

Ndugu yangu,

Nakuandikia kwa heshima, kwa kuwa wengi wetu hapa tukiumwa tunaanzia kwako kabla ya zahanati, na hata usiku tukikugongea unatufungulia. Tunakushukuru sana. Lakini lipo jambo linalonikera, na sitalizunguka.

Ni hizi chupa za dawa ya kupuliza kooni. Mteja akisema koo linamuuma, swali lako la kwanza ni, "Una shilingi ngapi?" Duka ni biashara, uulize. Ila kwanza uliza mgonjwa ana umri gani, ana homa, anakohoa?

Dawa yenyewe siikatai. Mtu mzima mwenye mafua na apulize: lidokaini itamtia ganzi, benzidamini itapunguza uvimbe, atameza uji wake, na baada ya wiki hivi koo litakuwa limepona lenyewe. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi nako kunatuliza. Hilo sijakusikia ukimwambia mteja hata mmoja, labda kwa sababu chumvi inauzwa duka la jirani. Wala huwaonyi wasile ugali wa moto koo likiwa bado na ganzi, wakati mtu wa namna hiyo huungua au hupaliwa bila kutarajia. Karatasi iliyomo kwenye boksi inaeleza, lakini kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanza Ruvuma mwaka 2003, muuzaji alifundishwa ili atueleze. Cheti chako tunakiona ukutani. Maelezo bado tunayasubiri.

Hofu yangu kubwa ni watoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akishikwa na homa ghafla, koo likawa jekundu, tezi za shingo zikavimba, na wala hakohoi, huenda ana bakteria aina ya streptokoka. Ganzi haiui bakteria. Maumivu yakitulia mama anaamini mwanawe amepona, kumbe wiki mbili tatu baadaye magoti yanavimba, na homa ya rumatiki inashambulia valvu za moyo. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, kwa kawaida huzuia homa hiyo. Valvu zikishaharibika, safari ni ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mkulima wa pamba atauza ng'ombe wangapi?

Tafadhali, usije sasa ukaanza kumfungia kila mtoto kapsuli nne za amoksilini kwenye karatasi ya daftari. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na nusu dozi hulea bakteria sugu. Ukiwa na shaka, mwambie mama ampeleke zahanati akapimwe. Utakosa mauzo ya siku moja. Tena usikae kimya ukisikia kwamba mtoto amepelekwa kukatwa kimeo kwa wembe baada ya dawa yako kushindwa. Wamevuja damu wengi kwa njia hiyo.

Vilevile msimu wa kupiga dawa kwenye pamba, mtu akija na koo linalowasha, muulize kama ametoka kubeba bomba mgongoni bila kufunika pua. Huyo aoge, abadilishe nguo, na akiona kizunguzungu au akitapika awahi kituo cha afya. Kumpulizia dawa nyingine juu ya ile aliyovuta si tiba.

Na akiletwa mtoto anayetokwa udenda, asiyeweza kumeza na anayehema kwa shida, usimtie chochote kinywani. Itisha bodaboda saa ileile. Kama mzazi hana nauli, mpe; nitakurudishia mimi.

Wako,
Mteja wako wa siku zote