Sifa za Mgeni Asiyebisha Hodi

Ukihamia shamba kutoka mjini, hukosi wa kukupokea, ila kila mmoja ana lake. Mwenyekiti wa kitongoji huja na daftari la michango. Jirani huja kuulizia mpaka. Mchwa peke yake ndiye anayekuja usiku, kimya, wala hangoji chai. Watu wa Mkuranga na Kisarawe wanamsema vibaya, na kumbe wamejenga juu ya paa lake wala kodi hawamlipi.

Tazama bidii yake. Mtenda kazi wa mchwa ni kipofu, hana mshahara, na hajawahi kupokea pesa ya saruji akazima simu. Fundi kenchi akisema Jumatatu, usimuulize ya mwezi gani. Mchwa hakuahidi kitu, lakini kukicha utakuta njia yake ya udongo imeshapanda ukutani hadi kwenye fremu ya mlango, na ndani ya fremu hiyo kilichobaki kimesimama ni rangi.

Na ukaguzi je? Muuza mbao alikuapia kwa Mungu kwamba ule ni mninga. Usibishane naye, mwachie mchwa. Mninga wa kweli huuonja akauacha. Ukiwa ni mti laini uliopakwa rangi ya kahawia, ripoti utaipata kabla masika hayajesha, imemwagwa chini ya mlango kwa vumbi.

Ila mimi namheshimu zaidi kwa elimu. Watu wa mjini huhama na makasha: risiti za tangu enzi, barua za wachumba walioolewa kwingine, vyeti vya semina ya ujasiriamali. Kasha huwekwa sakafuni, naye huanza kusoma kutokea chini. Wala hali ovyo. Mchwa wa vichuguu hupeleka alichotafuna shimoni, akakioteshea kuvu, kisha akavuna. Kilimo hicho kina miaka ipatayo milioni 30, na sisi tumefika juzi na jembe lenye bei bado mpinini. Mvua zikinyesha, kichuguu huchipua uyoga mtamu kwa ugali, na hapo cheti cha ujasiriamali humletea mwenyewe mboga, kwa mara ya kwanza.

Wakubwa wanaomjua hawamdharau. Jengo la Eastgate jijini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, msanifu wake Mick Pearce aliiga jinsi kichuguu kinavyopitisha hewa. Mimi nimeezeka bati bila dari, mchana nakaa chini ya mwembe.

Mwanzo wa mvua mchwa hutuma vijana wake wenye mabawa hadi kwenye balbu yako. Tega beseni la maji chini ya taa, kisha uwakaange kumbikumbi hao kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo. Mlango amekula, sikatai. Lakini kati ya wote waliokula pesa za nyumba hii, nani mwingine aliyewahi kurudisha hata nusu kilo?